Mifumo Inasomana, Mbona Ramani Hazielewani?

*Swali: Nafanya kazi katika idara ya majisafi na majitaka. Ramani ya mtandao wa mabomba yetu tumeitengeneza kwa QGIS, programu huria ya ramani. Wenzetu wa ardhi na barabara wanatumia ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia. Tukihitaji viwanja au barabara zao tunatumiwa shepufaili (mafaili ya ramani ya muundo wa zamani) kwa barua pepe, nao wakihitaji mabomba tunawatumia vivyo hivyo. Matokeo yake ni vurugu. Mabomba yetu yakifunguliwa kwao yanaonekana yameruka kama mita mia tatu kutoka barabarani, majina ya safu yanafika yamekatwa, vipenyo vingine vimegeuka sifuri, na kila upande una toleo lake la "barabara". Mkuu wetu ameamua kuomba bajeti ili idara zote mbili zihamie programu moja, akisema hapo ndipo mifumo itasomana. Je, yuko sahihi? Na kama sivyo, tuanzie wapi?*

Hapana, ndugu yangu. Mkihamia programu moja kesho asubuhi, mabomba yataruka mita zile zile mia tatu, ila mtakuwa mmelipia leseni mpya ili kuyatazama yakiruka. Simlaumu mkuu wako. Anaona programu mbili, anaona ramani mbili zinazogombana, na ni rahisi kudhani la kwanza ndilo lililozaa la pili. Lakini katika malalamiko yote uliyoyataja, hakuna hata moja linalotokana na jina la programu.

Neno "kusomana" ndilo linalotupotosha. Kila mtu siku hizi anataka mifumo isomane, na kwa maana finyu ya neno hilo yenu inasomana tayari: QGIS inafungua faili lililotoka ArcGIS, na ArcGIS inafungua la QGIS. Hujasema hata mara moja kwamba faili limegoma. Kazi hiyo ya kufungua ilifanywa na watu wengine zamani. Mwaka 1998 Frank Warmerdam alianza kuandika GDAL, maktaba huria ya kusoma na kuandika data za kijiografia; leo inatambua miundo ya faili zaidi ya mia moja, na QGIS inaitegemea kwa karibu kila kitu unachokifungua. Programu nyingi za kulipia nazo zimeibeba ndani yake.

Ila mtu anaweza kukusomea kwa sauti barua ya lugha asiyoijua, herufi kwa herufi, asielewe hata sentensi moja. Ndivyo programu yako inavyolisoma faili la jirani. Namba inaziona. Lakini zimehesabiwa kuanzia wapi, kwa kipimo gani, zinasimamia kitu gani na ni za lini, mara nyingi hayo yamebaki kichwani mwa aliyelitengeneza. Kwa hiyo mnachokikosa ni kuelewana, na hicho hakiuzwi dukani.

Tuanze na mita mia tatu, maana ndizo zinazowatia hofu na ndizo rahisi kuziponya.

Kabla ya kugusa chochote, tazama mabomba yanaruka vipi. Kama yote yamehama kwa pamoja, upande mmoja, kwa umbali ule ule, mtuhumiwa wa kwanza ni datamu. Datamu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Kabla ya setilaiti, wapimaji wa kila eneo walichagua umbo la dunia lililokaa vizuri kwenye ardhi yao, wakalifunga kwenye nguzo zao za upimaji, wakajenga ramani zote juu yake. Kazi yao ilikuwa safi kabisa kwa eneo hilo. Kisha ikaja WGS84, datamu ya dunia nzima inayotumiwa na GPS, na zile za zamani zikaonekana zimekaa pembeni. Datamu ya Arc 1960 ya mashariki mwa Afrika iko umbali wa kama mita 300 kutoka WGS84. Ile ya Tokyo, ambayo Japani iliiacha mwaka 2002, ilikuwa na tofauti ya mita 400 na zaidi. Ubaya wa tofauti hizi ni kwamba hazionekani kwa macho kwenye jedwali. Namba za mashariki na kaskazini katika datamu mbili zinafanana hadi tarakimu za mamia, na mtu akizitazama anaona ni za mahali pale pale.

Kama vitu vimetua baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, hapo ni sifuri ya longitudo na sifuri ya latitudo. Wachora ramani wamepabandika jina la utani la Kisiwa cha Null, ingawa hakuna kisiwa, ni bahari tu. Data iliyotua hapo imepoteza viwianishi vyake (au kodineti, kama wengi wanavyozoea kusema), au mita zake zimesomwa kana kwamba ni digrii. Kama ramani imelala ubavu, kaskazini imekuwa mashariki, basi upande mmoja umeandika latitudo kwanza na mwingine longitudo kwanza. Hilo si kosa la wanafunzi tu. Toleo la 1.1.1 la WMS, kiwango cha kutoa picha za ramani kupitia mtandao, lilitanguliza longitudo kwa mfumo wa longitudo na latitudo unaojulikana kwa msimbo EPSG:4326. Toleo la 1.3.0 likageuza, likatanguliza latitudo. Wataalamu wazima wamepoteza siku nzima kwa sababu hiyo.

Na kama tofauti ni mita moja au mbili tu, usikimbilie kumlaumu mpimaji. Bara la Australia linasogea kama sentimita 7 kila mwaka, kwa hiyo viwianishi vya datamu yao ya mwaka 1994 na vya ile ya 2020 vinatofautiana kwa mita 1.8 hivi bila mtu yeyote kukosea. Marekani nako walikuwa na futi mbili, ya wapimaji na ya kimataifa, zilizotofautiana kwa sehemu mbili katika milioni. Ni kitu kidogo sana, hadi utakapokuwa na kiwianishi cha futi milioni mbili na kosa likawa futi nne. Futi ya wapimaji ilistaafishwa rasmi mwishoni mwa 2022, lakini mafaili ya zamani hayajui hilo.

Sasa dawa. Kila mfumo wa viwianishi unaotumika sana una msimbo wake katika orodha ya EPSG, iliyoanzishwa na wapimaji wa kampuni za mafuta za Ulaya katika miaka ya 1980 kwa sababu hizi hizi: visima vilikuwa vikionekana mahali pasipo. Ulizaneni misimbo hiyo. Usikubali jibu la "tunatumia UTM", maana UTM ni namna ya kuubapaza mviringo wa dunia tu. Haisemi datamu ni ipi. Usikubali pia "tunatumia GPS". Unataka namba. Ukipata namba mbili tofauti, huenda umeshapata chanzo cha mita zako mia tatu.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona uharibifu mkubwa kuliko popote. Kuna mambo mawili ambayo programu zote huyaweka karibu karibu kwenye menyu, na watu huyachanganya. La kwanza ni kubandika lebo: unaiambia programu kwamba namba hizi ziko katika mfumo fulani. Namba hazibadiliki. La pili ni kubadili namba zenyewe kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa hesabu. La kwanza ni la faili lililopoteza lebo yake, yaani lile faili dogo la .prj linaloachwa nyuma mtu anapotuma shepufaili nusu nusu. La pili ni la faili lenye lebo sahihi ambalo wewe unalitaka katika mfumo wako. Ukibandika lebo mpya pale ulipotakiwa kubadili namba, umetengeneza faili linalodanganya kwa kujiamini, na kila programu itakayolifungua baadaye italiamini.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, jina tuliache, ambako mtu alikuwa ameona tabaka la ramani (yaani kundi la vitu vya aina moja, kama mabomba au barabara) limeruka, akalikamata kwa kipanya na kulisogeza mpaka likalalia picha ya setilaiti vizuri. Likapendeza. Miaka mitatu baadaye wakapokea data mpya iliyo sahihi, ikaonekana imekosea, nayo wakaisogeza. Kufikia siku niliyokwenda hakuna aliyejua ni tabaka gani lililosogezwa, mara ngapi, na kwenda wapi. Tafadhali, kusogeza kwa mkono kupigwe marufuku kabisa.

Kwa kuwa mnashughulika na majitaka, kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza: kimo. Maji machafu hutelemka kwa mteremko, na mteremko wa bomba hupimwa kwa sentimita. Je, kimo chenu na kimo cha watu wa barabara vinahesabiwa kutoka usawa ule ule? Kipokezi cha GPS hupima kimo juu ya umbo la hisabati la dunia, si juu ya usawa wa bahari, na kusini mwa India tofauti ya viwili hivyo inafika karibu mita mia moja. Hata kati ya usawa wa bahari na usawa wa bahari kuna tofauti. Mwaka 2003 daraja jipya lilikuwa likijengwa juu ya mto Rhine huko Laufenburg, Wajerumani upande huu na Waswisi upande ule. Ujerumani hupima vimo kwa kurejelea Bahari ya Kaskazini, Uswisi hurejelea Mediterania, na kati ya viwango hivyo kuna sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo, walilikumbuka, walilirekebisha. Ila walirekebisha kwa ishara iliyogeuzwa, walipopaswa kujumlisha wakatoa, na pande mbili zikaachana kwa sentimita 54. Hisia zangu ni kwamba kila tabaka lenye safu ya kimo linastahili safu ya pili inayosema kimo hicho kinaanzia wapi.

Majina yaliyokatwa na vipenyo vya sifuri havihitaji maelezo marefu. Hiyo ni tabia ya shepufaili. Muundo huu wa kampuni ya Esri ni wa miaka ya 1990, na jedwali lake limekaa juu ya dBASE, teknolojia ya zamani kuliko hapo. Jina la safu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Kama mna safu ya "tarehe_ya_kuwekwa" na nyingine ya "tarehe_ya_ukaguzi", zote mbili zinakatwa kuwa "tarehe_ya_", kisha programu inaamua kuiita moja "tarehe_y_1", na mpokeaji abahatishe. Maandishi hayazidi herufi 254. Safu ya tarehe haibebi saa. La hatari zaidi, jedwali hilo halina namna ya kuaminika ya kusema "haijulikani" kwenye safu ya namba, kwa hiyo mahali palipokuwa patupu mara nyingi hufika pameandikwa 0. Bomba ambalo hamjawahi kulipima kipenyo limekuwa bomba lenye kipenyo sifuri, na fundi wa upande wa pili akipiga hesabu ya wastani analijumuisha.

Acheni shepufaili kwa mabadilishano yenu. Tumieni GeoPackage, kiwango cha mwaka 2014 cha OGC, muungano wa kimataifa wa viwango vya data za kijiografia: faili moja badala ya kundi la mafaili yanayopotezana njiani, majina marefu, maandishi ya lugha zote, "haijulikani" ya kweli, matabaka mengi ndani ya faili moja, na msimbo wa mfumo wa viwianishi umo ndani. QGIS na ArcGIS zote zinaifungua bila kuongezewa kitu. GeoJSON nayo ni nzuri kwa ramani za kwenye tovuti, lakini kumbuka kanuni yake ya mwaka 2016, RFC 7946, inataka longitudo na latitudo za WGS84 pekee, longitudo ikitangulia. Michoro ya kihandisi yenye mita za gridi haina mahali humo. Hilo limekwisha, na halikugharimu bajeti.

Kisha tunafika kwenye lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: kila upande una toleo lake la "barabara". Mimi ningeliweka la kwanza.

Fikiria msitu. Neno la kawaida, kila mtu anaujua. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linahesabu msitu kuwa eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli cha majani kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Chini ya Itifaki ya Kyoto kila nchi iliruhusiwa kuchagua kiwango chake: kivuli kati ya asilimia 10 na 30, eneo kati ya hekta 0.05 na 1, urefu wa miti kati ya mita 2 na 5. Sasa chukua ramani mbili za misitu kutoka pande mbili za mpaka, datamu moja, programu moja, muundo mmoja wa faili, kila kitu sawasawa. Ziunganishe. Msitu utakatika mpakani kama uliokatwa kwa kisu, wakati miti yenyewe inaendelea. Hakuna programu itakayokwambia kuna tatizo, kwa sababu kwa macho ya programu hakuna tatizo.

Barabara zenu zina ugonjwa huo huo. Kwa watu wa barabara, barabara huenda ni mstari wa katikati unaokatika kila penye makutano, kwa sababu wao wanahesabu urefu wa matengenezo. Kwa watu wa ardhi ni poligoni, eneo la hifadhi kati ya mpaka wa kiwanja na kiwanja. Kwenu ninyi ni ukanda ambao bomba linapita chini yake, na mnachotaka kujua ni upande gani na kina gani. Hakuna aliyekosea. Ni mambo matatu yaliyopewa jina moja. Msijaribu kuwalazimisha wote watumie barabara moja; nimeona vikao vya miezi sita vikifa kwa jaribio hilo. Andikeni tu kwa sentensi mbili kila neno linamaanisha nini kwa kila idara, na ni safu ipi ya upande huu inalingana na safu ipi ya upande ule. Fanyeni vivyo hivyo kwa "bomba": je, lililozikwa na kuachwa bila kutumika linabaki kwenye tabaka? Kipenyo ni cha ndani au cha nje? Kwa mabomba ya plastiki kwa kawaida hutajwa cha nje, kwa ya chuma mara nyingi hutajwa kipimo cha jina tu kilicho karibu na cha ndani, na mtu anayeyaunganisha kwenye jedwali moja bila kuuliza atapata mtandao ambao hauingiani kwenye viungo.

Pamoja na maana kuna utambulisho. Mnaunganishaje rekodi zenu na zao? Kama ni kwa jina la mtaa, pole. Majina huandikwa kwa namna tatu, hubadilishwa, hujirudia. Watu wa misaada ya dharura walilijua hili mapema. Ndiyo maana ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada ya kibinadamu, OCHA, husambaza misimbo ya maeneo ya kiutawala, ili madaktari, wagawa chakula na wachora ramani wakizungumzia wilaya moja wote waandike msimbo mmoja hata kama kila mmoja analitamka jina lake tofauti. Kila kiwanja, kila kipande cha barabara, kila chemba na kila bomba kiwe na namba yake isiyobadilika wala isiyotumiwa tena baada ya kitu hicho kufa. Na msitumie ile namba ya mstari ambayo programu huitoa yenyewe. Hiyo hubadilika ukihamisha tu faili.

Hadi hapa bado mnatumiana mafaili. Kila barua pepe inazaa nakala, na nakala huanza kuzeeka dakika ile ile inapotumwa. Miezi sita baadaye kuna "barabara_mpya", "barabara_mpya2" na "barabara_mwisho_kabisa", na hakuna anayethubutu kufuta hata moja. Njia bora ni kila tabaka liwe na mwenyewe mmoja, naye alitoe kama huduma, wengine walisome kutoka kwake moja kwa moja. Viwango vya kufanya hivyo vipo tangu muda mrefu. OGC, muungano ulioundwa mwaka 1994, ulitoa WMS ya kwanza mwaka 2000. WMS inakupa picha ya ramani tu: unaitazama, huwezi kuihesabia. WFS inakupa vitu vyenyewe na sifa zake, na mrithi wake, OGC API – Features wa mwaka 2019, anafanya hivyo kwa njia ambayo mtengeneza tovuti yeyote ataielewa. QGIS na ArcGIS zote zinaweza kuvuta tabaka kutoka huduma hizo, wala haijalishi upande wa pili unatumia seva gani. Kama mkuu wako ana fedha za kutumia, zitumike hapa: seva ndogo, hifadhidata ya PostGIS, na mshahara wa mtu mmoja wa kuitunza. Yule mtu ndiye wa muhimu. Seva bila mtunzaji hufa kimya kimya, na watu hurudi kwenye barua pepe.

Mtandao wenu ukiwa wa kusuasua, mafaili yanatosha, mradi yatoke kwa mwenyewe kwa tarehe inayojulikana, tuseme kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na jina la faili liwe na tarehe hiyo kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku.

Hapo mtakutana na ukuta ambao si wa kiufundi. Mtu atasema: "Data zetu hatuwezi kuzitoa hivi hivi." Wakati mwingine ana hoja. Jedwali la viwanja lina majina ya wamiliki, na ninyi hamyahitaji ili kuchimba mtaro. Mpewe mipaka na namba za viwanja, majina yabaki kwao. Ramani ya mabomba makuu na mitambo ya kusafisha maji nayo si ya kubandikwa hadharani bila kufikiri. Lakini mara nyingi kinachozungumza ni hofu ya kuonekana na makosa, au tamaa ya kuuza. Kuhusu kuuza, mfano ninaoupenda ni picha za setilaiti za Landsat: ziliuzwa kwa miaka mingi, na mwaka 2008 Marekani ilipozifanya za bure matumizi yake yaliongezeka mno hadi tafiti nzima za misitu na kilimo zikajengwa juu yake. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, haukusubiri hiari. Mwaka 2007 ulipitisha agizo la INSPIRE linalozitaka taasisi za umma kutoa data za mada 34 kwa maelezo na huduma zinazofuata kanuni za pamoja. Utekelezaji umekuwa mrefu na wa kuchosha, na mimi si shabiki wa kila ukurasa wa maelekezo yake, lakini lilisema wazi jambo moja: kushirikiana data ni wajibu wa ofisi, si fadhila ya ofisa.

Angalieni leseni pia. Mkichukua barabara za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji, kujaza mapengo, kumbukeni kwamba tangu 2012 ziko chini ya leseni ya ODbL: mnawataja wachangiaji, na mkiichapisha hifadhidata iliyotokana nazo, nayo itoke kwa leseni hiyo hiyo. Ukizichanganya na data za siri bila kujua hilo, umejifunga mwenyewe.

Yote haya yanahitaji mahali pa kuandikwa, na mahali hapo panaitwa metadata. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 19115, chenye vipengele vingi kiasi cha kumtisha mtu asianze. Msianze nacho. Kupokea tabaka lisilo na maelezo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia hilo linafunguka kwa nusu ukurasa tu: mwenye tabaka ni nani, msimbo wa EPSG, kimo kinatoka wapi, lilikusanywa lini na kwa kifaa gani, kwa usahihi wa kiasi gani, kila safu inamaanisha nini, nani anaruhusiwa kulitumia. Kama barabara zilichorwa kutoka ramani ya kipimio cha 1:50,000, semeni. Nusu milimita ya kalamu kwenye karatasi hiyo ni mita 25 ardhini, na hakuna sababu ya kubishana bomba liko kushoto au kulia kwa mstari mnene hivyo.

Kwa mkuu wako, basi, usiende na jibu la "umekosea". Kuna nyakati programu moja ina faida: mafunzo ni ya pamoja, fundi mmoja anahudumia wote, na mtu akiumwa mwingine anakalia kiti chake. Mwambie hayo ni ya kweli na yanaweza kufikiriwa mwakani. Kisha muonyeshe mita mia tatu.

Na ya kumuonyesha utaipata hivi. Chagueni vifuniko vitano vya chemba vilivyoko kwenye ramani zote mbili, vilivyosambaa, si vya mtaa mmoja. Nendeni pamoja, wewe na mwenzako wa ardhi, na simu moja. GPS ya simu inakosea kama mita tano mahali pa wazi, na kwa kutafuta kosa la mita mia tatu inatosha sana. Andikeni viwianishi vya kila kifuniko, mrudi, mlinganishe na namba zilizomo kwenye faili lenu na zilizomo kwenye lao. Tofauti ikiwa ile ile kwa vifuniko vyote vitano, yaelekea upande mmoja una datamu ya zamani na kazi ni ya dakika kumi. Ikibadilika sana kutoka kifuniko hadi kifuniko, huenda kuna mtu aliyewahi kusogeza kwa mkono, na hapo itawabidi mtafute faili la awali kabla hajaligusa.